Shati la Kazi ni la Nani?

Kazi yangu ya kwanza ya kuandikwa ilikuwa katika hoteli moja ya Kisumu, mbali kidogo na ziwa, yenye vyumba vichache na mkahawa uliojaa kila mchana. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mashati mawili meupe yenye nembo mfukoni, aproni nyeusi na tai. Mwisho wa mwezi nikakuta mshahara umepungua shilingi 900. Mwezi wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Nilipouliza, msimamizi wa mkahawa alinijibu bila kuinua macho kwenye daftari lake la oda: "Ni sare hiyo, dada. Sheria ya kampuni."

Nilipoacha kazi mwaka uliofuata, msimamizi yuleyule akasema sitapewa hesabu yangu ya mwisho kabla sijarudisha mashati. Nikamwambia niliyanunua. "Ulilipia kuyavaa," akasema. "Nembo ni ya kampuni."

Mama mmoja aliyekuwa akifua vitambaa vya meza nyuma ya jikoni alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Mwanangu," akaniambia, "umenunua mbuzi, wakakuachia kamba."

Baadaye nilihamia Nakuru na kwa miaka kadhaa nikakaa upande wa pili wa dirisha: karani wa mishahara, yule ambaye wenzake humwamkia kwa bashasha tarehe 28 na kumnunia tarehe 2. Nimekata watu mishahara kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo ninayoandika hapa si malalamiko ya mhudumu wa meza peke yake. Nimejifunza pia, na kwa kuchelewa, kwamba mengi niliyoyakata sikupaswa kuyakata.

Tuanze na hayo maneno mawili, "sheria ya kampuni". Ni maneno yanayofunga mdomo, na ndiyo chanzo cha mkanganyiko wote, kwa sababu yanachanganya vitu vitatu. Kuna sheria ya nchi, iliyotungwa na Bunge. Kuna mkataba, yaani yale mliyokubaliana wewe na mwajiri, yakiwemo yaliyo katika kile kitabu cha kanuni ulichotia sahihi bila kukisoma. Halafu kuna mazoea, "hapa kwetu ndivyo tunavyofanya", ambayo hayajaandikwa popote ila kila mtu anayajua. Hivi vitatu havina uzito sawa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, inasema waziwazi kwamba masharti yake ni kiwango cha chini, na makubaliano yoyote ya kuyapunguza ni batili. Mwajiri anaweza kukupa zaidi ya hapo. Kukupa pungufu hawezi, hata kama ulitia sahihi ukiwa na akili timamu na kalamu yako mwenyewe. Lile jibu la "lakini ulisaini" lina nguvu mahali pengi, lakini si mahali ambapo sheria imekwisha kusema.

Na kuhusu kukata mshahara, sheria imesema. Kifungu cha 19 kinataja makato yanayoruhusiwa, kimoja kimoja. Yako yanayotokana na sheria nyingine: kodi ya mapato, mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, bima ya afya ya SHIF kwa asilimia 2.75, ada ya nyumba kwa asilimia 1.5. Yako yanayotokana na makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, au amri ya mahakama. Iko michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni. Uko mshahara uliozidishwa kwa makosa. Yako marejesho ya mkopo wa fedha uliopewa na mwajiri kwa maandishi, nayo yana kikomo chake. Yako mali iliyoharibiwa, fedha zilizopungua na siku ambazo hukufika kazini. Na yako makato ambayo wewe mwenyewe umeyaomba kwa maandishi, mradi mwajiri hanufaiki nayo kwa njia yoyote. Waziri naye anaweza kuongeza mengine kwa kanuni.

Isome orodha hiyo mwanzo hadi mwisho. Shati halimo.

Labda makubaliano ya chama chenu yalitaje. Hayo ni mambo ya kuulizia kwa mwakilishi wenu, awe wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, au wa kile chama cha wafanyakazi wa mashamba chenye makao yake hapa Nakuru. Lakini hoteli yetu ile haikuwa na chama, na kilichonikata shilingi 900 kilikuwa mazoea yaliyovaa joho la sheria.

Sasa tuje kwenye glasi, maana huko ndiko machozi yaliko.

Kwenye mlango wa kutoka jikoni kwetu palikuwa na kigae kimoja kilicholegea. Kila mhudumu alikijua na kila mhudumu alikiruka. Jumamosi moja mvua ilinyesha, mtu akaingia na viatu vyenye matope, na mimi nikatoka na trei ya glasi 12. Nilikiruka kigae, nikatua kwenye maji. Glasi mbili zilipona. Jumatatu kulikuwa na karatasi ukutani yenye jina langu na bei ya glasi kumi, bei ya dukani, si ya jumla.

Sheria inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea. Ila imeweka sharti ambalo sijawahi kuliona limebandikwa ukutani: uharibifu huo uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi, si bahati mbaya, wala si kuteleza. Mhudumu anayeirusha trei kwa hasira amejiingiza kwenye sharti hilo. Mhudumu aliyeteleza kwenye maji yasiyofutwa, mbele ya kigae ambacho meneja ameambiwa mara tatu, hajajiingiza. Na hata yule wa hasira hukatwa "kiasi cha haki", maneno ambayo hayamaanishi bei mpya ya glasi iliyotumika miaka minne.

Najua wenye mikahawa wakisoma hapa watauliza: basi vyombo vivunjwe tu? Nina huruma nao. Mwenye kibanda cha chakula Kondele anayenunua vikombe kila wiki hana akiba ya hoteli kubwa. Lakini njia anazo. Mtu mzembe anaweza kupewa barua ya kujieleza, akaonywa, na akirudia anaweza hata kuachishwa kazi kwa kufuata utaratibu wa kumsikiliza kwanza. Kinachokatazwa ni kugeuza mshahara wake kuwa bima ya vyombo. Kuvunjika kwa vikombe ni gharama ya biashara ya vikombe, kama mkaa ulivyo gharama ya kupika.

Fedha zina habari nyingine, na hapa wengi wanaosikia habari ya glasi hujidanganya. Kwa mtunza fedha sheria ni kali zaidi. Pesa zikipungua kwenye kaunta, ile tunayoiita shoti, mwajiri anaweza kukata kiasi chote kilichopungua ikiwa kimetokana na udanganyifu au hata uzembe tu. Makusudi si lazima. Kinga ya mfanyakazi iko kwenye sharti jingine: mkataba wake uwe unasema mahsusi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa fedha. Yule kijana wa kupanga bidhaa kwenye rafu anayeitwa "kaa hapo kidogo, mwenzako ameenda chai" hajakabidhiwa chochote na mkataba wake.

Nikiwa Nakuru nilikuta desturi ya shoti ya shifti. Duka likipungukiwa 4,000 jioni na wahudumu wakiwa wanane, kila mmoja anakatwa 500, akiwemo yule aliyeshinda siku nzima stoo akihesabu unga. Nilizikata hizo 500. Nilidhani ni haki kwa sababu ziligawanywa sawasawa. Lakini kifungu kinazungumzia mfanyakazi aliyesababisha upungufu, si kundi zima lililokuwa karibu naye. Dawa yake ni ndogo na inachosha: kila kasha la fedha liwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja, lihesabiwe mbele ya anayelitoa na anayelipokea, na wote wawili watie sahihi. Inachukua dakika kumi. Duka lililokataa kutumia dakika hizo halikuwa na njia ya kujua nani alisababisha nini, basi likawakata wote.

Na kuchelewa? "Ukifika saa mbili na dakika kumi unapoteza nusu siku." Kifungu hichohicho kinaruhusu kukata mshahara wa siku moja kwa kila siku nzima ambayo hukufika bila ruhusa wala sababu halali. Siku nzima. Faini ya dakika haimo. Kuchelewa ni suala la nidhamu, na lina barua zake.

Juu ya hayo yote kuna kikomo: makato kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Wa 18,000 asiondoke na chini ya 6,000. Nimewasikia mameneja wakiitumia kanuni hii kinyume, kama kwamba ni ruhusa ya kukata chochote mpaka ifike 12,000. Sivyo. Ni ukuta wa mwisho kwa makato ambayo tayari ni halali.

Turudi kwenye mavazi, kwa sababu si kila kinachovaliwa kazini ni sare. Tunaita vyote "yunifomu", na hapo ndipo watu huumia. Kuna vazi linalokufanya ufanane na kampuni, na kuna vazi linalokufanya urudi nyumbani mzima. La kwanza ni sare. La pili ni kinga, na lina sheria yake, ile ya Usalama na Afya Kazini, pia ya mwaka 2007. Kwenye kazi yenye maji mengi au kemikali zenye madhara, mwajiri anapaswa kutoa nguo na vifaa vya kinga vinavyofaa, glovu, viatu, miwani na vya kichwani pale inapohitajika, na kuviweka katika hali nzuri. Gharama hiyo haipaswi kushushwa kwa mfanyakazi.

Nenda mashamba ya maua ya Naivasha, upande wa kusini wa kaunti yetu ya Nakuru, umtazame anayepuliza dawa ndani ya nyumba ya plastiki. Ovaroli yake, gambuti, glovu ndefu na barakoa yenye vichujio si mapambo ya shamba. Kumwambia ajinunulie, au kumkata kidogo kidogo, ni sawa na kumwuzia pumzi. Na kinga iliyochakaa si kinga. Glovu yenye tundu kwenye kidole gumba huiingiza dawa na kuifungia humo humo, afadhali mkono mtupu unaoweza kuoshwa. Kibarua wa siku tatu anaihitaji sawa na mwenye mkataba wa miaka mitatu, maana dawa haiulizi umeandikwa lini. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa pande zote mbili, na swali la gambuti ni swali la kamati hiyo, si la kunong'onezana foleni ya chai.

Sare halisi, yaani shati lenye nembo, haina ulinzi wa wazi namna hiyo. Mengi yameachiwa mkataba. Mimi hutumia kipimo cha kienyeji kabisa: je, naweza kulivaa kanisani? Suruali nyeusi na shati jeupe lisilo na kitu ni nguo zangu. Mwajiri anaweza kuniambia nije nimezivaa na mimi nikazinunua Kibuye kwa bei yangu. Shati lenye jina la hoteli mgongoni siwezi kulivaa popote isipokuwa pale. Basi kama ni tangazo la kampuni, kampuni ilipe tangazo lake. Na kama inataka lirudishwe, ilikuwa inaniazima. Haiwezi kuniuzia na kuniazima kwa shati lilelile. Hiki ni kipimo changu, si kifungu, lakini bado sijakutana na meneja aliyenijibu vizuri.

Kuhusu namna ya kuvaa na kusuka, Katiba ya 2010 ina neno ambalo watu wengi hawalijui. Kifungu cha 27 kinapoorodhesha mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, kinataja dini, kabila, jinsia, na katikati ya hayo kinataja mavazi. Kifungu cha 32 kinaongeza kwamba mtu hawezi kunyimwa ajira kwa sababu ya imani au dini yake. Hii haimaanishi kwamba kila mtu avae apendavyo. Mpishi atafunika nywele na kukata kucha, kwa sababu nywele ikiingia kwenye mchuzi haina dini. Fundi wa mashine inayozunguka hatavaa mtandio unaoning'inia. Sababu hizo unaweza kumweleza mtu na akazielewa. Lakini "wateja wetu hawapendi hijabu kwenye kaunta" au "rasta hapa hapana" ni ladha tu iliyoandikwa kwenye memo, na mwajiri anayeishikilia ajiandae kuitetea mahali ambapo ladha yake haitoshi.

Mafunzo yana siri ya shilingi 50.

Kila mwajiri nchini hutakiwa kulipa ada ya mafunzo ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Hulipa yeye, haikatwi kwenye mshahara. Fedha hizo ni za NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ambayo kituo chake kimoja kiko Kisumu. Mwajiri aliyelipa ada anaweza kuomba kibali kabla ya kuwapeleka watu wake mafunzo, kisha akadai kurudishiwa sehemu ya gharama. Nilipokuwa karani tulikuwa tunalipa ada hiyo bila kukosa, na hatukuwahi kudai hata shilingi. Hakuna aliyejua kwamba inawezekana, nikiwemo mimi niliyekuwa nikijaza fomu. Wakati huohuo tulikuwa tukiwaambia wafanyakazi kwamba bajeti ya mafunzo hakuna.

NITA ndiyo pia hutoa mitihani ya ufundi, ile tunayosema "nina greidi tatu", "nina greidi moja". Fundi aliyejifunza kwa kushika spana tangu utotoni, bila kupita chuo chochote, anaweza kuufanya na kupata karatasi. Kwa mtu wa jua kali anayetaka kuandikwa, karatasi hiyo humwondoa kwenye foleni ya vibarua na kumweka kwenye foleni ya mafundi.

Mkanganyiko uko kwenye bondi. Kampuni inakupeleka kozi, nawe unatia sahihi kwamba utakaa miaka miwili la sivyo utarudisha gharama. Sheria ya Ajira haikuweka bondi wala kuikataza. Ni mkataba kama mingine, na hupimwa kwa kilichoandikwa na kwa haki yake. Bondi ya kueleweka huandikwa kabla ya kozi, si baada ya kurudi. Hutaja gharama halisi yenye risiti, nayo hupungua kadiri unavyokaa. Kama kozi iligharimu 60,000 na bondi ni ya miezi 24, ukaondoka mwezi wa 18, imebaki robo ya muda, basi deni ni 15,000. Anayedai 60,000 nzima amekwisha kukutumia mwaka mmoja na nusu na anataka kulipwa kwa hilo pia. Na kuoneshwa choo kilipo, mashine ya kahawa inavyowashwa na jinsi ya kumsalimia mgeni si kozi ya kufungia mtu. Huko ni kuelekezwa kazi. Halafu, kwa nisomavyo mimi kile kifungu cha 19, deni la bondi si ruhusa ya kuzuia mshahara wa siku ulizokwisha kuzifanyia kazi. Mdai atafute njia ya mdai: mkubaliane, au mahakama iamue.

Zipo pia zile "siku za kujaribiwa" bila malipo, zilizojaa mikahawa ya miji yetu. Njoo wiki moja tukuangalie. Wiki inaisha, asante, tutakupigia simu, na Jumatatu anaanza mwingine. Kipindi cha majaribio kinachojulikana kisheria ni mkataba wenye mshahara, hakizidi miezi sita kwa mara ya kwanza, na wakati wake ukiachishwa unapewa notisi ya siku saba au malipo yake. Wiki ya bure haikupimi kazi. Inapunguza gharama ya kuosha vyombo.

Neno moja juu ya lugha, kwa kuwa limo pia kwenye orodha ya ubaguzi, katika Katiba na katika Sheria ya Ajira. Hakuna ubaya wafanyakazi kuongea Kijaluo kwenye meza ya chai Kisumu, au Kikuyu na Kikalenjin Nakuru. Ubaya huanza maelekezo ya kazi yanapotolewa hivyo. Tulikuwa na mwenzetu kutoka Kwale aliyeandikiwa onyo kwa kutofuata utaratibu mpya wa kufunga jikoni. Utaratibu ulielezwa kwenye mkutano ulioanza kwa Kiswahili na, kama kawaida yetu, ukateleza baada ya mzaha wa tatu. Naye alicheka pamoja nasi, kwa adabu, bila kuelewa neno.

Ukikatwa usichokielewa, anza na karatasi ya mshahara. Mfanyakazi mwenye mkataba wa kawaida anastahili kupewa maelezo yanayoonesha kila kato na sababu yake, ingawa kibarua wa kutwa na anayelipwa kwa kipande hawamo. Kwenye karatasi yangu ya Kisumu mstari ule uliitwa "Mengineyo". Mengineyo si sababu. Uliza kwa maandishi, kwa upole, weka nakala. Ikishindikana, kila kaunti ina afisa wa kazi na kumweleza hakugharimu kitu. Aliyefukuzwa asizubae, maana malalamiko kwa afisa huyo yanatakiwa ndani ya miezi mitatu. Kesi ya madai ya ajira ina miaka mitatu, na mahakama ya kazi inakaa Kisumu na Nakuru, pia Kericho na Bungoma, kwa hiyo si lazima kupanda basi la Nairobi.

Nimeliacha la wenzetu mwisho kwa sababu ndilo lililonifunza.

Huku kwetu msiba wa mwenzako ni msiba wako. Ijumaa jioni magari ya matanga yanatoka mjini kuelekea Siaya, Vihiga, Busia, na kazini karatasi ya mchango imekwisha kuzunguka tangu Jumanne. Sheria ya Ajira haina likizo ya msiba. Kama mkataba wenu haukuitaja, mfiwa huchukua siku zake za likizo ya mwaka au huomba huruma ya bosi. Kwa hiyo mchango wa wenzake ndio likizo yake, ndio nauli yake, ndio ng'ombe wake. Siusemi vibaya. Umenibeba mimi pia, alipofariki mama yangu.

Lakini pale Nakuru karatasi ilikuwa imechosha watu. Wengine waliandika jina wasilipe, mweka hazina akawa adui wa kila mtu. Uongozi ukaamua, kwa nia njema kabisa, kwamba kila msiba kila mtu akatwe 200 kwenye mshahara. Nikaziweka kwenye mfumo. Mwezi mmoja tukapata misiba minne.

Mzee wa stoo alikuja dirishani na karatasi yake ya mshahara imekunjwa mara nne. Hakupandisha sauti.

"Madam, hii 800 ni ya nini?"

Nikamweleza, nikamtajia marehemu mmoja mmoja. Akatikisa kichwa, akasema pole kwa kila jina.

"Mimi sijakataa kuchanga," akasema. "Nimekataa kuchangishwa nikiwa nimelala. Huyu wa tatu ni mkwe wa mtu ambaye mimi nilishampelekea mchele mwenyewe, gunia zima. Sasa nimemzika mara mbili."

Usiku ule nilikisoma kifungu cha 19 kwa mara ya kwanza tangu chuo. Mchango wa msiba unaruhusiwa, kwa sababu mwajiri hanufaiki nao. Ila mfanyakazi awe ameuomba mwenyewe, kwa maandishi. Chama cha kuweka akiba, sakos na merigoraundi (upatu) ya wafanyakazi viko kwenye kapu hilohilo. Nia njema ya uongozi haikuwa sahihi ya mzee yule.

Kesho yake nilichapisha fomu fupi na kuigawa. Ilikuwa na mstari wa jina, mstari wa kiasi, sehemu ya sahihi, na nafasi ya kusema mchango ni wa nani. Nilitarajia nusu ya watu wasirudishe. Walirudisha karibu wote, na wawili waliandika zaidi ya 200. Ya mzee wa stoo ilifika ya mwisho, kwa mwandiko wake mkubwa wa kalamu ya kuandikia magunia. Pale penye kiasi alikuwa ameandika: "100 kila msiba. Mchele nitapeleka mwenyewe."